Sumaku, Kobalti na Boroni: Mambo ya Kufahamu Kuhusu Madini Adimu kwa Wakazi wa Ukanda wa Dhahabu

Na Mwandishi Wetu, Kahama

Katika mialo ya kuoshea dhahabu ya mikoa ya Geita na Shinyanga, sumaku ni kifaa cha kazi kama lilivyo karai. Mchimbaji mdogo anapomaliza kuosha mawe yaliyosagwa kwenye karasha, hubakiwa na mchanga mweusi mzito uliochanganyika na chembe za dhahabu. Sehemu kubwa ya mchanga huo ni magnetaiti, ambayo ni oksidi ya chuma. Sumaku, mara nyingi iliyotolewa kwenye spika kuukuu, hupitishwa juu yake ikaunyanyua mchanga mweusi na kuiacha dhahabu chini, kwa kuwa dhahabu haivutwi na sumaku. Wakati wa kuyeyusha, dhahabu hiyo hutiwa unga mweupe wa boraksi ili takataka zielee juu na metali ikae chini. Boraksi ni chumvi yenye elementi iitwayo boroni.

Boroni hiyo hiyo, ikiunganishwa na kobalti pamoja na mojawapo ya madini adimu, huunda familia ya michanganyiko inayoitwa boridi za kobalti na madini adimu, ambayo wanafizikia wamekuwa wakiichunguza tangu miaka ya 1970 kutokana na tabia zake za kisumaku. Jambo hilo lingeweza kubaki maabara za mbali, isipokuwa kwamba kobalti imo katika mipango ya viwanda ya Mkoa wa Shinyanga, na madini adimu yamo katika mipango ya migodi ya Mkoa wa Songwe. Tangu mipango hiyo itangazwe, maswali mawili yamekuwa yakijirudia katika ukanda huu: je, Kahama itatengeneza sumaku? Na je, jiwe linalonasa kwenye sumaku ni dalili ya kobalti au madini adimu? Makala haya yanaeleza kinachofahamika kuhusu maswali hayo.

Kwa nini kitu huwa sumaku

Kila atomi ina elektroni, na kila elektroni ina tabia ya kuwa sumaku ndogo mno. Katika vitu vingi, kama vile mbao, shaba na dhahabu, sumaku hizo ndogo hujipanga kwa jozi zinazopingana, nguvu zao zikafutana. Katika metali chache, hasa chuma, kobalti na nikeli, atomi jirani hukubaliana kuelekea upande mmoja, na hapo nguvu zao hujumlishwa.

Makubaliano hayo huvunjwa na joto. Kila kitu chenye usumaku wa aina hii kina kiwango cha joto ambacho kikivukwa, usumaku huo hutoweka. Kiwango hicho huitwa joto la Curie, kwa jina la mwanafizikia wa Ufaransa Pierre Curie aliyechapisha utafiti wake mwaka 1895. Kwa nikeli ni takriban nyuzi 358 za Selsiasi, kwa chuma ni nyuzi 770, na kwa kobalti ni zaidi ya nyuzi 1,100. Hakuna elementi nyingine iliyo safi inayofikia kiwango hicho cha kobalti, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya metali hii kuthaminiwa katika utengenezaji wa sumaku.

Hata hivyo, kuwa na nguvu hakutoshi. Msumari wa chuma ukisuguliwa kwa sumaku hunasa pini, lakini baada ya kugongwa mara chache hupoteza uwezo huo. Sumaku ya kudumu, ile inayotumika katika mota za pampu, jenereta za upepo na magari ya umeme, inahitaji pia ukaidi, yaani kukataa kugeuzwa mwelekeo. Fundi seremala anajua kwamba ubao hupasuka kirahisi ukifuata nyuzi zake, lakini hukataa ukipasuliwa kinyume cha nyuzi hizo. Fuwele za baadhi ya metali zina mwelekeo wa namna hiyo: usumaku hukaa kwa wepesi upande mmoja na hugoma kukaa upande mwingine. Kadiri tofauti ya pande hizo inavyokuwa kubwa, ndivyo sumaku inavyokuwa kaidi zaidi.

Hapo ndipo madini adimu yanapoingia. Jina hilo linahusu elementi 17, zikiwamo lanthanamu, seriamu, praseodimiamu, neodimiamu, samariamu, gadoliniamu, disprosiamu na itriamu. Neno “adimu” linapotosha kidogo, kwa kuwa seriamu imo kwenye gamba la dunia kwa wingi unaokaribiana na ule wa shaba. Kilicho adimu ni mahali ambapo elementi hizo zimekusanyika kwa kiasi kinacholipa kuchimba. Katika atomi za wengi wa ndugu hawa, wingu la elektroni za ndani zinazobeba usumaku si mviringo kamili: kwa baadhi limerefuka, kwa wengine limebonyea. Wingu lisilo la mviringo, likiwekwa ndani ya fuwele yenye mpangilio maalum, hubanwa na atomi zilizo jirani na kushindwa kugeuka. Kwa hiyo katika mchanganyiko wa kobalti na madini adimu kuna mgawanyo wa kazi: kobalti huleta nguvu na ustahimilivu wa joto, na elementi adimu huleta ukaidi.

Kutoka kobalti hadi boroni

Mwaka 1966 watafiti Karl Strnat na Gary Hoffer, katika maabara ya Jeshi la Anga la Marekani jimboni Ohio, walionesha kwamba mchanganyiko wa atomi moja ya itriamu na atomi tano za kobalti una ukaidi mkubwa kuliko sumaku zilizokuwa zikijulikana. Muda mfupi baadaye ilibainika kwamba samariamu hufanya vizuri zaidi mahali pa itriamu, na sumaku za samariamu na kobalti zikaingia viwandani. Joto lake la Curie linazidi nyuzi 700, na ndiyo maana hadi leo sumaku hizo hutumika kwenye ndege, vyombo vya anga za juu na mashine nyingine zinazofanya kazi katika joto kali.

Boroni ilikuja kama swali la kawaida la watafiti: itakuwaje baadhi ya atomi za kobalti zikiondolewa na nafasi zao kujazwa na boroni? Fuwele ya samariamu na kobalti ni kama tabaka zilizopangwa moja juu ya nyingine. Atomi ya boroni ni ndogo, na ikiingia hukaa kwenye tabaka maalum, si ovyo. Atomi moja kati ya kila tano za kobalti ikibadilishwa kwa boroni, hupatikana mchanganyiko wa atomi moja ya elementi adimu, nne za kobalti na moja ya boroni. Boroni ikizidi, hufuata michanganyiko mingine yenye tabaka nyingi zaidi za boroni, hadi ule wenye atomi tatu tu za kobalti kwa mbili za boroni.

Matokeo kwa kobalti si mazuri. Elektroni za boroni huingiliana na zile za kobalti na kupunguza usumaku wake, na pia atomi za kobalti hupungukiwa na majirani wa kukubaliana nao. Mfano ulio wazi ni wa itriamu, kwa sababu yenyewe haina usumaku na kwa hiyo kinachopimwa ni kobalti peke yake. Bila boroni, joto la Curie la mchanganyiko huo ni karibu nyuzi 700. Baada ya atomi moja ya boroni kuingia, hushuka hadi takriban nyuzi 110, ambazo ni zaidi kidogo tu ya joto la maji yanayochemka. Katika mchanganyiko wenye kobalti tatu na boroni mbili, usumaku wa kobalti karibu hutoweka kabisa.

Lakini kwa samariamu kuna jambo la kushangaza, nalo ndilo lililowafanya wanafizikia wasiiache familia hii. Mchanganyiko wa samariamu wenye kobalti nne na boroni moja una ukaidi mkubwa mno, hasa unapopozwa. Uga wa sumaku unaohitajika ili kuugeuza unazidi sana uwezo wa sumaku za kawaida za maabara. Atomi za boroni huibana samariamu kwa nguvu zaidi, ilhali usumaku wa kugeuzwa umebaki mdogo. Mwandishi wa makala haya anaona inafaa kuufananisha na kufuli kubwa lililofungwa kwenye ghala lenye magunia machache: haliibiki kirahisi, ila kilichomo ndani si kingi. Ndiyo maana boridi hizo hazikuchukua nafasi ya sumaku za samariamu na kobalti sokoni, bali zimebaki kuwa mahali pa kujifunzia jinsi ukaidi unavyozaliwa ndani ya fuwele.

Tabia nyingine inategemea ni elementi gani adimu imetumika. Zile nyepesi, kama praseodimiamu, neodimiamu na samariamu, huelekeza usumaku wao upande mmoja na kobalti, na nguvu hujumlishwa. Zile nzito, kama gadoliniamu, terbiamu na disprosiamu, huelekea kinyume, na nguvu hutolewa. Kwa kuwa pande hizo mbili hazidhoofiki kwa kasi ileile joto linapopanda, baadhi ya michanganyiko hufikia kiwango cha joto ambapo zinalingana na kufutana, na kitu chenye atomi nyingi za kisumaku kikawa kwa nje kama hakina sumaku. Joto likiendelea kupanda, usumaku hurudi, safari hii upande uliotangulia ukiwa mwingine.

Boroni inayosaidia

Mtu anaweza kudhani kutokana na maelezo hayo kwamba boroni ni adui wa sumaku. Sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Masato Sagawa nchini Japani na John Croat wa kampuni ya General Motors nchini Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walipata sumaku yenye neodimiamu, chuma na boroni, ambayo hadi leo ndiyo yenye nguvu kuliko zote zinazouzwa kwa wingi. Neodimiamu na chuma bila boroni huunda mchanganyiko ambao joto lake la Curie ni nyuzi 50 na ushei tu, na usio na mwelekeo unaofaa. Boroni kidogo, takriban asilimia 1 ya uzito, huilazimisha fuwele kuwa ya aina nyingine kabisa, yenye atomi 14 za chuma kwa mbili za neodimiamu, na joto la Curie hupanda hadi zaidi ya nyuzi 300.

Kobalti ina nafasi hapo pia. Sehemu ya chuma ikibadilishwa kwa kobalti, sumaku ya neodimiamu hustahimili joto zaidi, jambo linalohitajika ndani ya mota inayofanya kazi kwa saa nyingi. Kiasi kinachohitajika ni kidogo, na wananchi wanapaswa kuelezwa hilo bila kuongezewa chumvi: kobalti nyingi duniani huenda kwenye betri, na nyingine kwenye aloi za injini za ndege, sumaku huchukua sehemu ndogo.

Kahama na Songwe katika mnyororo huu

Kobalti inayozungumzwa Kahama haitachimbwa Kahama. Imo ndani ya mwamba wa nikeli wa Kabanga, Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera, ambao una karibu asilimia 2 ya nikeli, na kobalti chini ya asilimia 0.2, pamoja na shaba. Serikali ilitia saini mkataba wa msingi na kampuni ya Kabanga Nickel mwezi Januari 2021, ikaundwa kampuni ya ubia ya Tembo Nickel ambamo Serikali ina hisa asilimia 16 zisizofifishwa, na leseni ya uchimbaji mkubwa ikatolewa Oktoba mwaka huo. Mpango ni kuzalisha makinikia Ngara na kuyasafirisha zaidi ya kilomita 300 hadi Kahama, kwenye eneo la uliokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Huko metali zitatenganishwa kwa kuyeyushwa ndani ya maji yenye kemikali, chini ya mgandamizo, badala ya tanuru la moto. Leseni ya kiwanda hicho ilitolewa Machi 2024.

Kwa wakazi wa Kahama jambo hili si la nadharia. Buzwagi ilianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009 na ikafungwa mwaka 2021, na waliokuwa wakiishi kwa ajira, zabuni za vyakula, usafirishaji na nyumba za kupanga wanajua maana ya mgodi kufungwa. Kiwanda cha kusafisha metali kinaweza kupokea malighafi kutoka migodi mingine baada ya mmoja kwisha. Shimo la dhahabu haliwezi. Hiyo ndiyo hoja iliyo nyuma ya sera ya kuongeza thamani nchini, ambayo ilipewa nguvu na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017, mwaka ambao pia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi ulizuiwa.

Madini adimu yenyewe yako kusini magharibi, katika kilima cha Ngualla, Wilaya ya Songwe. Mkataba wa msingi wa mradi huo ulitiwa saini Aprili 2023 na leseni ikatolewa mwezi huohuo kwa kampuni ya Mamba Minerals, nayo ikiwa na hisa asilimia 16 za Serikali. Neodimiamu na praseodimiamu ni takriban moja ya tano ya madini adimu yaliyomo. Samariamu ni kidogo sana. Kwa maneno mengine, kilicho ardhini mwetu kinaelekea zaidi kwenye sumaku za neodimiamu kuliko za samariamu na kobalti. Bidhaa iliyopangwa ni makinikia yenye oksidi za madini adimu karibu asilimia 45.

Kati ya makinikia hayo na sumaku kuna kazi nyingi. Elementi 17 zinazofanana kikemia lazima zitenganishwe moja moja, kazi inayohitaji hatua nyingi za kurudiarudia. Oksidi hugeuzwa metali, metali huyeyushwa pamoja na chuma, boroni na kobalti, aloi husagwa kuwa unga laini mno mahali pasipo na hewa kwa sababu unga huo huwaka, unga hupangwa ndani ya uga wa sumaku ili fuwele zote zielekee upande mmoja, kisha hubanwa na kuokwa. China ndiyo inayotengeneza takriban asilimia 90 ya sumaku hizo duniani. Aprili 2025 nchi hiyo iliweka udhibiti wa kusafirisha nje samariamu, gadoliniamu, terbiamu, disprosiamu na elementi nyingine tatu, na viwanda vya magari katika mabara mengine vikatikisika ndani ya wiki chache. Jirani yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inayochimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, ilisitisha mauzo yake ya nje Februari 2025 na baadaye kuweka mgawo. Matukio hayo mawili yameongeza thamani ya kila chanzo kilicho nje ya nchi hizo, lakini hayafupishi hata hatua moja kati ya zilizotajwa. Jibu la swali la kwanza, basi, ni kwamba Kahama imepangiwa kusafisha metali. Kutengeneza sumaku hakumo katika leseni zilizotajwa hapa.

Sumaku haitambui kobalti

Swali la pili lina madhara ya moja kwa moja kwenye mfuko wa mwananchi. Jiwe likinasa kwenye sumaku ya mkononi, katika ukanda huu sababu kuu ni mbili. Ya kwanza ni magnetaiti, iliyojaa kwenye miamba ya tabaka za chuma inayofanya vilima vya Geita. Ya pili ni pirotaiti, salfidi ya chuma ambayo hupatikana pamoja na dhahabu na pia ndiyo iliyo nyingi kwenye mwamba wa Kabanga. Kobalti ya Kabanga imefungwa ndani ya madini mengine kwa kiasi kidogo, na sumaku haiwezi kuionesha. Vivyo hivyo bastinaiti, madini yanayobeba elementi adimu kule Ngualla, huvutwa kwa udhaifu mno na hainasi kwenye sumaku ya spika. Usumaku mkubwa ulioelezwa juu hutokea baada ya metali kusafishwa na kuunganishwa kiwandani. Haumo kwenye jiwe. Anayeuza jiwe zito jeusi kwa bei ya kobalti akitoa ushahidi wa sumaku, anauza chuma.

Sumaku ina manufaa ya kweli katika utafutaji, ila hutumika kwa namna nyingine. Ndege zenye vipima usumaku hupita juu ya ardhi na kuchora ramani ya miamba iliyofunikwa na udongo. Tabaka za chuma za Geita huonekana waziwazi kwenye ramani hizo, na penye mapengo ya usumaku mtafiti hutazama mara mbili, kwa sababu maji ya moto yaliyobeba dhahabu zamani yalikuwa na salfa iliyogeuza magnetaiti kuwa piraiti isiyovutwa na sumaku. Katika mpango wa Wizara ya Madini wa Dira ya 2030, wenye kaulimbiu “Madini ni Maisha na Utajiri”, lengo ni kuongeza eneo la nchi lililopimwa kwa kina kutoka asilimia 16 hadi asilimia 50.

Na kwenye mwalo sumaku iendelee kutumika. Kuondoa magnetaiti mapema hupunguza mchanga unaobaki, na ukibaki mchache wenye dhahabu nyingi, unaweza kuyeyushwa moja kwa moja kwa boraksi bila zebaki, kama wafanyavyo wachimbaji wa Benguet nchini Ufilipino. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na vituo vya mfano vya Lwamgasa na Katente mkoani Geita vilijengwa ili wachimbaji wadogo wajifunze uchenjuaji bora.

Mwananchi mwenye jiwe asilolifahamu anashauriwa kulipeleka kwa Afisa Madini Mkazi aliye karibu, Geita, Kahama au Shinyanga, ambaye ataelekeza namna ya kupima sampuli katika maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), Dodoma. Mauzo ya madini yafanyike kwenye masoko rasmi au kwa mnunuzi mwenye leseni ya Tume ya Madini, na leseni hiyo muuzaji ana haki ya kuoneshwa kabla ya kukabidhi mzigo.